Mwalimu, siku moja na nusu Berlin anza na mjusi wa Tendaguru

Swali limetoka kwa mwalimu wa historia wa sekondari hapo Lindi mjini, nalifupisha kidogo:

"Shikamoo kaka. Mwezi wa sita naenda Berlin kwenye mafunzo ya walimu, yanaanza Jumatatu yanaisha Ijumaa saa sita mchana, Jumapili asubuhi narudi. Kwahiyo nina Ijumaa mchana na Jumamosi nzima. Nimetafuta makumbusho kwenye intaneti nimepata orodha ya tisa: Pergamon, yule malkia Nefertiti, Humboldt Forum, ya Ukuta, ya maisha ya Ujerumani Mashariki, ya sanamu za nta, Topographie des Terrors, kumbukumbu ya Wayahudi, na ile ya viumbe Museum für Naturkunde ambayo nimeiweka mwisho maana mimi si mtu wa sayansi. Nitaziweza zote? Kama siziwezi nikate zipi?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Nimeongoza wageni kwenye makumbusho miaka ishirini na kitu, kwanza Dar halafu nikarudi nyumbani huku Mikindani, na Berlin nimefika mara mbili, kwahiyo nakujibu kama mtu aliyewahi kufanya makosa na kuyarekebisha. Zote tisa huziwezi. Hata ukiziweza kwa miguu kichwani hazitakaa. Mara ya kwanza mimi niliingia majumba matano kwa siku moja, jioni mwenyeji wangu akaniuliza umeona nini leo, nikabaki natafuta cha kumwambia. Mara ya pili niliingia mawili kwa siku mbili na mpaka leo naweza kukuchorea mlango wa kuingilia uko wapi na kipi kimekaa kushoto.

Macho yanachoka kabla ya miguu. Kwa wageni niliowaongoza nimeona saa moja na nusu mtu bado anauliza maswali, baada ya hapo anaanza kusoma kibao nusu anahama, anapiga picha asiyoitazama tena. Kwahiyo mimi hesabu yangu ni jumba moja kubwa kwa siku, na pembeni yake vitu vidogo vya nje, vya barabarani, ambavyo havina tiketi wala foleni. Wewe una siku moja na nusu, ina maana una majumba mawili, basi. Sasa tuchague.

Orodha za intaneti zinapanga kwa umaarufu, nani anaingiza watu wengi. Wewe usipange hivyo. Jiulize nina swali gani nimetoka nalo nyumbani ambalo jibu lake lipo kule tu, na kule nitamkuta nani wa kwetu. Ukijiuliza hivyo orodha yako inageuka miguu juu, kwasababu ile uliyoiweka ya tisa ndo ya kwanza.

Mwalimu, unajua kilichomo mle? Ni mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria. Yule tunayemsikia toka utotoni, kwamba Wajerumani walichukua mjusi mkubwa Lindi, na mjadala wa kumrudisha umefika bungeni zaidi ya mara moja. Kasimama mle, kwenye ukumbi wa kwanza kabisa ukishapita tiketi, urefu wa kwenda juu mita 13.27. Na amechimbwa kwenye kilima cha Tendaguru huko Mipingo, kama kilomita 60 kaskazini magharibi ya hapo unapofundisha. Wewe ni mwalimu wa historia wa Lindi halafu unataka kumweka mwisho kwa sababu wewe si mtu wa sayansi! Yule ni historia yako kabla hajawa sayansi ya mtu mwingine.

Ngoja nikueleze ili ukifika pale usimwone kama mnyama tu.

Mwaka 1905 Julai vita vya Maji Maji vinaanza kule Nandete, Umatumbi, Kilwa hiyo hiyo iliyo mkoani kwako, watu wanang'oa pamba. Mwezi Agosti vimeshuka huku kusini, Wamwera wameingia, misheni ya Nyangao inashambuliwa. Baadae Wajerumani wakachoma vyakula, ikaja njaa iliyoua kuliko risasi, na hesabu inayotajwa kwetu ni watu wanaofika laki tatu. Sasa mwaka 1906, majivu hayajapoa, mhandisi mmoja anaitwa Sattler anayefanya kazi kwenye kampuni ya kutafuta madini anapita Tendaguru anaona mfupa mkubwa umetokeza njiani. Mwaka 1907 anakuja Eberhard Fraas, mtaalamu wa mifupa ya kale kutoka Stuttgart, kuthibitisha, na 1909 jumba la Berlin linaleta msafara wake chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, wanachimba mpaka 1913.

Waliochimba kina nani? Wazee wetu. Miaka ya kazi kubwa walikuwa vibarua wanaofika mia tano, na familia zao, kilima kikawa mji. Na mifupa ilitokaje? Hakuna gari, hakuna reli, na wanyama wa kubeba wasingeishi na mbung'o. Ilifungwa kwa mianzi, mizigo ikabebwa kichwani na begani, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, kwenda na kurudi, maelfu ya safari, miaka minne. Jumla iliyosafirishwa inakadiriwa kati ya tani 225 na 250. Weka hiyo tani kwenye mabega ya watu waliotoka kwenye njaa miaka michache nyuma halafu ndo utazame ule mguu.

Na ule mguu mwalimu, hapo ndo nakuomba usimame. Watu wote wakiingia wanatazama juu wanatafuta kichwa, wanapiga picha wanasogea. Wewe shuka macho, nenda pembeni ya mguu wa mbele. Mfupa wa juu ya kiwiko peke yake una mita 2.13, mimi ni mrefu na ulinizidi. Una rangi ya kahawia, na ukiinama karibu unaona mistari ambako vipande vimeunganishwa, kwa sababu ardhini ulikuwa umevunjika na mtu akaokota kipande kimoja kimoja, akakiandikia namba, akakifunga. Nilisimama pale kama nusu saa. Mlinzi alikuja kunitazama nahisi alidhani naumwa. Nilikuwa nafikiria mtu aliyeubeba njia ya Mipingo mpaka forodhani Lindi, alipumzika wapi, alikula nini, nani alimtwisha tena.

Mengine ya kujua ili usidanganyike. Yule si mnyama mmoja, wamekusanya mifupa ya wanyama kadhaa wa aina moja wakapata mmoja kamili, na sehemu zingine ni za kuigiza kwa sababu mifupa halisi ya pale ni mizito au inavunjika haraka. Aliunganishwa mara ya kwanza 1937, na 2007 wakamsimamisha upya wakanyoosha miguu ya mbele, kwahiyo picha za vitabu vya zamani zinamuonesha kajipanua kama mjusi kweli, sasa hivi kasimama kama tembo. Jina lake lilikuwa Brachiosaurus brancai, siku hizi wataalamu wengi wanamwita Giraffatitan. Umri wake ni kama miaka milioni 150. Pembeni yake kuna wenzake wa Tendaguru pia, wapo Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, Dicraeosaurus, na yule mwembamba anayekula nyama Elaphrosaurus, yaani ukumbi karibu wote ni Lindi.

Halafu majina ya watu. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, ndiye aliyefundishwa na baadae akafundisha wenzie, na hata Waingereza walipokuja kuchimba kati ya 1924 na 1931 walimtumia. Mwaka 2007 kuna mjusi mmoja wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake. Na 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, hapo lipo jina la Wamwera lenyewe na la msimamizi mwingine, Mohammadi Keranje. Waambie wanafunzi wako hayo. Mtoto wa Kimwera wa kidato cha pili aandike ubaoni Wamweracaudia aone kabila lake limeingia kwenye majina ya sayansi ya dunia nzima, halafu aulize kwanini imechukua zaidi ya miaka mia moja.

Basi hilo jumba ndo Ijumaa yako. Jumatano mpaka Alhamisi usichoke sana usiku. Ijumaa linafunguliwa saa tatu na nusu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni (tiketi zao zitaandika 18:00, usichanganye na saa zetu, nimeona mwenzangu kakosa zamu kwa jambo hilo hilo). Mafunzo yakiisha saa sita kula kabisa, ufike kama saa nane. Mchana wa Ijumaa makundi ya wanafunzi yanakuwa yameanza kupungua, Jumamosi panajaa familia na watoto wanaokimbia chini ya mjusi hutapata utulivu ninaoutaka uupate. Treni ya chini ni ya U6, na kituo chenyewe kinaitwa Naturkundemuseum, ukishuka ni kutembea kidogo tu. Tiketi ya jumba ikate kwenye simu siku mbili kabla. Begi utaliacha kwenye kabati za kufunga kwa hiyo kaa na sarafu za euro mfukoni.

Ndani usianze na mzunguko wa vyumba vyote. Anza na ukumbi wa mjusi, kaa saa nzima. Kisha nenda kamtazame yule ndege wa mawe Archaeopteryx, jiwe dogo tu lakini ni kati ya visukuku maarufu duniani, na chumba cha samaki na nyoka kwenye chupa za spiriti, ukuta wa kioo wenye chupa karibu laki tatu, taa ya njano inapita katikati, pale hata asiyependa sayansi anakaa kimya. Halafu rudi tena kwa mjusi kabla hujatoka. Mara ya pili utaona kitu ambacho mara ya kwanza hukukiona, hilo nakuhakikishia, kila mgeni wangu niliyemrudisha kwenye kitu kimoja mara mbili ameniambia hivyo.

Soma vibao kama unavyosahihisha mitihani. Maelezo yapo ya Kijerumani na Kiingereza. Kila kitu kilichotoka kwetu kiulize: kimetoka kijiji gani, nani alikileta, mwaka gani, na nani hakutajwa. Hilo la mwisho ndo kubwa. Kibao kikiandika "msafara wa Wajerumani ulichimba" wewe unajua jembe lilikuwa mkononi mwa nani.

Ukitoka saa kumi na mbili usirudi hotelini. Mwezi wa sita kule jua linazama saa tatu na nusu usiku, kwahiyo una mchana mwingine mzima. Panda U6 hiyo hiyo kuelekea kaskazini ushuke Rehberge au Afrikanische Straße, huko kuna mtaa wanauita Mtaa wa Kiafrika, barabara zake zina majina ya Togo, Kamerun, Zanzibar na kwingine. Palikuwa na barabara inaitwa Petersallee, jina lililotoka kwa Carl Peters, aliyeanzisha koloni la Wajerumani huku kwetu, yule wazee walimwita Mkono wa Damu. Watu walidai miaka mingi, na Agosti 2024 ikabadilishwa, kipande kimoja kikapewa jina la Anna Mungunda wa Namibia na kipande kingine kinaitwa Maji-Maji-Allee. Yaani mwalimu wa Lindi unaweza kusimama Berlin chini ya kibao cha barabara kilichoandikwa Maji Maji. Piga picha hapo, hii ndo nakuruhusu upige nyingi. Hamna kingine cha kuona, ni nyumba za watu na miti, lakini mimi kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu hiyo picha naithamini kuliko ya lango la Brandenburg.

Sasa Jumamosi.

Asubuhi na mapema, majumba hayajafunguliwa, nenda Bernauer Straße kwenye kumbukumbu ya Ukuta uliotenganisha Berlin Mashariki na Magharibi. Ni ya wazi, nje, bure, ukuta wa kweli upo na ile nafasi iliyokuwa na walinzi, na mistari chini inayoonesha watu walikopita kutoroka. Ulijengwa 1961 ukafunguliwa tarehe 9 Novemba 1989. Hiyo inatosha kabisa kwa habari ya Ukuta, huna haja ya kulipia nyingine. Kisha shuka kwa miguu na Brunnenstraße kuelekea Rosenthaler Platz, utafute nyumba namba 193. Tazama chini. Kwenye mawe ya njia ya waenda kwa miguu kuna kijiwe cha shaba, sentimita kumi kwa kumi, kina jina la Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana pia kama Bayume Mohamed Hussein. Alizaliwa Dar es Salaam 1904, akiwa mtoto alitumikia jeshi la Wajerumani kwenye Vita vya Kwanza, baadae akaenda Berlin, akaoa, akacheza kwenye filamu, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 Wanazi wakamkamata na akafia kambi ya Sachsenhausen 1944. Kijiwe kiliwekwa 2007. Unaweza kupita juu yake usikione, watu wanapita na baiskeli. Mimi niliinama nikakifuta vumbi kwa leso nikamsomea Fatiha. Kwangu hilo nalo ni makumbusho, moja dogo kuliko yote mjini na limenikaa kuliko mengi.

Hapo itakuwa inakaribia saa nne. Jumba lako la pili la kulipia jasho, chagua kati ya Humboldt Forum na Neues Museum alimo Nefertiti. Yako jirani, kisiwani katikati ya mto Spree, na najua utashawishika kuingia yote mawili. Usiingie. Kichwa cha sanamu ya Nefertiti ni kizuri hasa, kilichimbwa Amarna huko Misri 1912, kimewekwa peke yake chumbani na picha hairuhusiwi, ukikitazama dakika kumi unaelewa kwanini Misri inakidai. Kama roho yako iko kwake toka zamani, nenda, mtazame yeye na vyumba viwili vitatu vya jirani, utoke. Sitakulaumu.

Ila mimi ningekupeleka Humboldt Forum. Ni jumba la kifalme lililojengwa upya, ndani yake zimewekwa hazina za makumbusho ya mila za mataifa, na Berlin wanahifadhi maelfu ya vitu kutoka Tanzania, vingi vilichukuliwa enzi zile zile za Maji Maji. Linafunguliwa saa nne na nusu asubuhi na siku yake ya kufunga ni Jumanne. Usijaribu ghorofa zote, uliza mapokezi vitu vya Afrika Mashariki viko ghorofa gani, nenda moja kwa moja. Nenda ukijua pia kwamba habari haziko kwenye vioo peke yake: taasisi inayomiliki makusanyo hayo ilitangaza Septemba 2023 kwamba kwa vipimo vya vinasaba wamepata ndugu walio hai huku kwetu, Kilimanjaro, wa watu ambao mafuvu yao yalikuwa yamehifadhiwa Berlin. Na Novemba mwaka huo huo Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja Songea kwenye Makumbusho ya Maji Maji akaomba msamaha. Kwa hiyo usiingie mle kama mgeni anayeshangaa mali ya watu. Uliza. Wahudumu wa makumbusho wanapenda mtu anayeuliza, mimi nimekuwa upande ule wa meza najua, mgeni mwenye swali unamkumbuka jioni ukiwa nyumbani.

Tulia, kula, mchana alafu malizia na Wilhelmstraße. Namba 92 kuna bango la kumbukumbu la Mkutano wa Berlin. Wewe kila mwaka unaandika ubaoni Novemba 1884 mpaka Februari 1885, mataifa ya Ulaya yanagawana Afrika, basi palikuwa hapo. Jumba lenyewe halipo tena, ni bango tu na magorofa ya kawaida, watu wanapita na mifuko ya sokoni. Jisimamie dakika tano. Kutoka hapo kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa Ulaya iko karibu sana, matofali makubwa ya zege 2,711, bure, unatembea katikati yake na ardhi inashuka mpaka husikii barabara. Watu wengine wanapiga picha za kuruka ruka pale juu, wewe najua hutofanya.

Ukiwa bado una nguvu Topographie des Terrors haiko mbali, bure, na inafunguliwa mpaka saa mbili usiku kila siku, ni mahali palipokuwa makao ya polisi wa siri wa Wanazi. Ina maandishi mengi mno. Kwa mwalimu wa historia ni hazina lakini baada ya siku kama hiyo nadhani kichwa kitakuwa kimejaa, kwahiyo naiacha kwenye akiba, mvua ikinyesha itakufaa.

Zilizobaki nazikata haraka. Pergamon futa kabisa, lilifungwa lote Oktoba 2023 kwa ukarabati, upande wenye ile madhabahu kubwa umepangiwa 2027 na upande wa lango la Babeli mpaka 2037, ila orodha za intaneti bado zinaliweka namba moja, ndo maana kila jumba hakikisha kwenye ukurasa wake wenyewe wiki moja kabla hujasafiri. Sanamu za nta ziko miji mingi duniani. La Ujerumani Mashariki ni zuri, unafungua droo, unashika vitu, wanafunzi wako wangelipenda, lakini ni jingine la tatu na tumeshakubaliana ni mawili. Na kwa wengine mnaosoma mkiwa na siku tofauti, Jumatatu Museum für Naturkunde limefungwa na majumba mengi ya Berlin yamefungwa, msijikute nje ya mlango.

Kitu kingine, hiki usikipuuze. Kabla hujaondoka jiandae huku huku. Ukipitia Dar kwenda uwanjani fika Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert hata saa moja, ujizoeze kusoma vioneshwa vya nyumbani ndo uende kusoma vya ugenini. Muhimu zaidi nenda Mipingo. Mwezi wa tano mwishoni mvua zinakuwa zimekata, tafuta mwenyeji wa kijijini akupeleke Tendaguru, usiende peke yako maana ni pori na njia zinapotea kwenye nyasi. Mimi nilipofika mara ya kwanza nilitegemea kuona kitu kikubwa, nikakuta kilima chenye miti na mashimo ya zamani yaliyojaa majani, mwenyeji akainama akaokota kipande cha mfupa kama kidole gumba akaniwekea mkononi, kizito kama jiwe la mizani. Akakirudisha pale pale alipokitoa. Na wewe usichukue kitu. Piga picha kilima, kaa na wazee, waulize waliambiwa nini na babu zao kuhusu kubeba mifupa, majina, nyimbo kama zipo, rekodi kwenye simu. Ukiwa na sauti hizo sikioni Berlin utamtazama yule mjusi kwa namna ambayo hata mkurugenzi wa jumba hawezi.

Ninavyoona mimi, arudi asirudi, Lindi inastahili jumba lake lenye nakala nzuri na majina ya waliobeba. Hilo tutalisema mpaka lieleweke, na walimu kama wewe ndo mtalisema vizuri kuliko sisi.

Zawadi ya wanafunzi usihangaike na sanamu za dukani, bei yake na ukubwa wa mfuko havilingani. Nunua postikadi moja ya mjusi ibandike darasani. Halafu siku ya kwanza ukirudi toa darasa nje uwanjani na kamba ya katani, wapime mita 13.27 chini wenyewe, mwanafunzi mmoja alale kwenye mwanzo wa kamba waone anaishia wapi. Pima na mita 2.13 ya ule mfupa wa mkono, kata mti wa urefu huo, wabebe wawili wawili kuzunguka uwanja mara moja. Waambie hiyo ni bila uzito wa jiwe, na bandarini bado siku kadhaa.